Mahesabu ya Kupita Langoni

Asubuhi za kipupwe, ukungu wa mlima Loleza ukiwa bado umelalia mabati ya Mbeya, mahali pa kwanza kupata joto palikuwa benchi la Bushiri. Lilikuwa ubao mmoja wa mninga juu ya mawe, limetazamana uso kwa uso na lango la soko, kiasi kwamba aliyeketi pale hakuhitaji gazeti: kila anayeingia na kila anayetoka alipita mbele ya macho yake. Bushiri, ambaye babu yake alitoka Kilwa na misafara ya biashara, alisimama hapo na dele lake la kahawa juu ya jiko la mkaa, na kashata alizopika mkewe, Mwanakhamisi. Watu wa miaka ile ya hamsini, wamejifunika makoti makubwa ya vita iliyokwisha, walikunywa, wakabishana, wakasahau walichotumwa na wake zao. Hapakuwa na mahali pengine mjini ambapo mtu aliweza kukosea kwa sauti kubwa namna ile na bado akamiminiwa kikombe cha pili.

Jumamosi hii, siku ya soko kubwa, Bushiri hakuwa na raha hata kidogo. Jumamosi iliyotangulia Bwana Afya, yule mzungu wa mji mwenye kofia ngumu, alipita akakuta watu wamekwama langoni, kikapu juu ya kikapu, mama mmoja analilia mayai yake chini. Akaangalia lango, akaangalia benchi. Akasema angerudi wiki hii mchana, na akikuta lango limeziba tena, benchi lingeondoka na mwenyewe alifuate. Kahawa huuzwa wanapopita watu, na hapa ndipo walipopita wote.

– Mchana si mbali, – alisema Bushiri, akipuliza makaa ambayo hayakuhitaji kupulizwa. – Nyinyi mnakunywa tu.

– Tunakunywa tukifikiri, – alijibu Yotamu.

Yotamu alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya misheni, na kijiweni aliitwa Jumlisha, kwa kuwa aliamini hata ugomvi wa ndoa ni hesabu iliyokosewa mahali fulani. Kulia kwake aliketi Lutengano, utingo wa lori la Iringa, kijana mwenye miguu mirefu. Walimwita Breki, kwa kuwa ndiye aliyeruka chini na gogo la kuzuia gurudumu kila lori liliposhindwa mlima. Na kwenye ncha ya benchi, ncha ile ile kila Jumamosi, uso umeelekea lango, alikaa mzee Andendekisye, Mnyakyusa mwenye kahawa na migomba yake upande wa Rungwe. Alikuja na lori la kwanza na kurudi na la mwisho. Wakamwita Mwenyekiti.

– Mimi nasema benchi halina kosa, – alisema Yotamu. – Na nitamwonyesha huyo Bwana Afya kwa hesabu. Breki, lete drafti.

Lutengano alivuta ubao wa drafti uliokuwa chini ya benchi. Yotamu akapanga vizibo vya soda upande mmoja.

– Hawa wanaingia sokoni. Bushiri, nipe buni mbichi. Hizi punje ndio wanaotoka. Katikati hapa nazuia kwa vijiti, naacha mlango. Na hiki kibiriti ndicho benchi letu.

– Benchi langu, – alisema Bushiri.

– Benchi lako. Sasa sikilizeni. Kila mtu ana sheria tatu tu kichwani. Mbele kukiwa wazi, songa. Mbele kukiwa na mtu, hama kushoto. Kushoto napo kukiwa na mtu, simama, usisukume. Basi! Hakuna askari, hakuna filimbi, hakuna mkubwa wa kuwaambia.

– Mwalimu, watu sio vizibo, – alisema Andendekisye.

– Mzee wangu, mtu akiwa na haraka ni kizibo kabisa. Anza wewe.

Wakaanza. Mwanzoni ilikuwa fujo tupu. Lutengano alisukuma punje zake kama lori lililokatika breki, akaambiwa arudishe. Andendekisye alisahau kushoto ni upi, akatazama kwanza mkono alioshikia kikombe. Bushiri alisogeza vizibo vyake kimoja kimoja kwa uangalifu, maana yeye hakuwa akicheza. Lakini kadiri walivyozunguka zamu, kitu fulani kikaanza kutokea kwenye ubao, na wote wanne wakainama mpaka vichwa vikakaribia kugongana.

– Ala! – alisema Lutengano.

– Mnaona?

– Vimejipanga!

Vilikuwa vimejipanga kweli. Vizibo vilipita mstari mmoja upande wao, buni mstari wake upande wa pili, na hakuna aliyevipanga. Mbele ya kibiriti mstari ulipinda kidogo, ukakizunguka, ukanyooka.

– Nani kawaambia wapange mstari? – aliuliza Lutengano, karibu kukasirika. – Mimi sikuwaambia. Mzee umewaambia wewe?

– Mimi nilikuwa natafuta kushoto kwangu.

– Hakuna aliyewaambia! – Yotamu alisimama, kahawa ikamwagikia koti lake, hakuona. – Ndiyo raha yenyewe! Kila mmoja anaangalia aliye mbele yake tu, na wote pamoja wanatengeneza njia. Na benchi, jamani, liangalieni benchi! Benchi halizuii mtu. Wanalizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe.

Bushiri aliangalia kile kibiriti na moyo wake ukaruka. Alitaka kumkumbatia mwalimu. Akamjazia kikombe mpaka ukingoni bila kuombwa, na Jumlisha akanywa bila kushangaa, kama mtu anayelipwa haki yake.

– Hii tuipeleke barabarani, – alisema Lutengano, macho yamemtoka. – Njia ya Iringa, kwenye zile kona. Malori mawili yakikutana, madereva wanatukanana mpaka jua linazama. Kumbe ni sheria tatu tu!

– Lori likihama kushoto pale linaingia korongoni, – alisema Andendekisye.

– Basi sheria ya tatu, tata, – alisema Lutengano, akimwita baba kwa Kinyakyusa. – Linasimama, halisukumi.

– Na ng'ombe? – aliuliza Bushiri, naye sasa amepagawa. – Ng'ombe wa Rujewa wakivuka mto kundi zima?

– Ng'ombe ndio walioanza! – alisema Yotamu. – Ng'ombe hajui kusoma lakini sheria hizi anazo. Na wale kwelea kwelea wanaokula mpunga wa Usangu, elfu kwa elfu, wanageuka pamoja angani kama shuka moja. Umewahi kuona wawili wamegongana?

– Sijawahi.

– Hutaona. Kila ndege anamwangalia jirani yake. Mimi naweza kuwaandikia hesabu yao.

Andendekisye aliweka kikombe chini taratibu. Alikuwa mtu wa kuchelewa kushangaa, lakini akishangaa hushangaa kwa mwili mzima.

– Ngojeni, – alisema. – Kwetu kwenye msiba wa mtu mkubwa, vijana wanacheza uani na mikuki. Kila mmoja anakimbia kwake, anaruka kwake, anarudi, vumbi tele, na ua wenyewe umejaa. Nimecheza mimi ujana wangu wote. Sijawahi kuchoma mtu, wala kuchomwa. Nilidhani ni mizimu inatutenganisha.

– Ni sheria ya tatu, mzee!

– Tulikuwa tunafanya hesabu?

– Mlikuwa mnafanya hesabu kwa miguu!

Mzee akacheka mpaka akashika ubavu. Lutengano akapiga ubao, vizibo vikaruka.

– Basi na nyota! Nyota ngapi kule juu, na hazigongani. Mwalimu, nyota nazo zinahama kushoto?

– Zinahama, – alisema Yotamu bila kusita hata nukta. – Amka alfajiri uangalie.

– Kwa hiyo Gavana anatumia askari wa nini? Tanganyika nzima tuigawie sheria tatu, askari wote warudi kulima. Bushiri, wewe utapewa nishani. Benchi lako litawekwa nyumba ya makumbusho.

– Lisiende popote, – alisema Bushiri haraka. – Mimi nalitaka hapa hapa.

Wakiwa kwenye nyota bado, kelele zikapanda kutoka upande wa lango. Wakainua vichwa kwa pamoja. Malori ya Tukuyu yalikuwa yameshusha watu, na lango lilikuwa limeziba kama chupa iliyoshindiliwa kizibo. Mikungu ya ndizi ilining'inia juu ya vichwa, kuku walipiga kelele ndani ya matenga, mtu mmoja alikuwa ametoa mkono juu akipunga kofia tu. Waliokuwa ndani hawakutoka, waliokuwa nje hawakuingia.

Yotamu aliangalia lango, akaangalia ubao wake. Akatafuta kosa.

– Watu wamekosea, – alisema.

– Watu?

– Hesabu ni sahihi. Ni watu ndio wamekosea.

– Mwalimu, Bwana Afya anakuja! – alisema Bushiri. – Nitamwambia watu wamekosea?

– Kuna mmoja mle anahama kulia. Mmoja tu anatosha kuharibu.

– Ni mikungu, – alisema Lutengano. – Mwenye mkungu kichwani anajaza nyumba mbili za drafti, huku kizibo kinajaza moja. Au ni dunia. Si inazunguka? Pale langoni pana mteremko kidogo, dunia ikizunguka inawavuta wote upande mmoja.

– Kuna kitu kimefukiwa, – alisema Andendekisye kwa sauti ya chini. – Mtu amefukia dawa pale. Mimi niko hapa kila Jumamosi, naona. Wiki zote saa hizi hizi, malori yetu yakifika tu, lango linafunga. Si bure.

– Breki, nenda, – aliamuru Yotamu. – Watangazie sheria.

Lutengano akaenda mbio. Walimsikia akipaza sauti, «Kushoto, mama! Usisukume! Simama kwenye nyumba yako!» na walisikia pia alichojibiwa, ambacho hakikuwa cha hesabu. Alirudi na kofia imebondeka na unyoya wa kuku sikioni.

– Ni wa ndizi, – alisema, akihema. – Wanawake wa ndizi. Wanaingia vizuri kabisa mpaka langoni, halafu wanageuka. Wanarudi nyuma! Wanawavamia walio nyuma yao.

– Wanarudi nyuma? – Yotamu aliruka. – Kurudi nyuma hakumo! Kwenye drafti anayerudi nyuma ni kingi peke yake. Hao wote wamekuwa kingi?

– Mimi sijui, mwalimu. Nimeona migongo.

Yotamu akamwaga vizibo tena kwenye ubao, akajaribu sheria ya nne, akajaribu ya tano. Aliyerudi nyuma kila mara aliharibu kila kitu. Bushiri aliacha kuangalia ubao. Aliangalia barabara ya Boma, ambako kofia ngumu ingeweza kutokea wakati wowote.

Aliyetokea alikuwa mwanamke. Alichomoka langoni ubavu ubavu, kapu mkononi, bega la gauni limechanika, akaja moja kwa moja penye joto la jiko. Jina lake lilikuwa Benedicta, mke wa karani mgeni aliyehamishwa kutoka Iringa, na hii ilikuwa Jumamosi yake ya kwanza Mbeya.

– Kamwene, baba zangu, – alisalimia, akapiga goti kidogo.

– Karibu, mama, – alisema Bushiri. – Pole. Umeumia?

– Gauni tu. – Akageuka akaangalia alikotoka. – Jamani, naomba kuuliza, mimi mgeni. Wale dada wenye ndizi wakifika pale mlangoni wanaangalia huku, kwenye benchi hili, kisha wanajifunika nyuso wanakimbia. Hapa kuna nini?

Yotamu, mwenye jibu la kila kitu, la ndege na la nyota, akageuka kulitafuta hili kwenye ubao. Lutengano, aliyekuwa Mnyakyusa naye, alielewa kabla ya wengine, akainama akaanza kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa. Bushiri alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine. Benedicta akadhani ametukana, akaomba radhi, akajitanda kanga begani akaenda zake.

– Breki, – alisema Andendekisye. – Uliowaona. Mmoja ana mtoto mgongoni, kitambaa chekundu?

– Sikuangalia vizuri, tata.

– Uliangalia.

– Ndiyo. Yupo. Amesimama nyuma ya lori, juani, na mkungu wake.

Mzee akamgeukia Bushiri, kwa kuwa Bushiri peke yake ndiye asiyejua mila ile.

– Huyo ni Atuganile, mke wa mwanangu. Kwetu mkwe hakutani na baba wa mumewe. Akimwona njiani anaacha njia. Anajifunika, anajificha, anangoja mpaka apite. Na si kwangu peke yangu. Kwa ndugu zangu, na kwa wenzangu wote wa rika langu. Wake wa watoto wao, mimi ni baba mkwe wao wote.

– Wangapi hao?

– Nusu ya lori.

– Na wewe hukuwaona wiki zote hizo?

– Mkwe mwenye adabu huwezi kumwona, – alisema mzee. – Hiyo ndiyo adabu yenyewe. Wamenifanyia adabu kila Jumamosi, na mimi nimekaa hapa nasema kuna dawa.

Sauti yake ilikuwa na aibu ya wazi, aibu ya mtu mkubwa asiyezoea kuwa nayo. Yotamu akaangalia drafti, vizibo vyote sawasawa, hakuna cha baba wala cha mkwe.

– Tugeuze benchi, – alisema. – Mzee atazame ukutani.

– Mgongo wangu nao wanaujua, mwalimu. – Andendekisye alisimama, akakusanya koti lake. – Bushiri, mwanangu, usiwe na wasiwasi. Mimi nitakaa kwenye lori mpaka jioni. Wale wenzangu wa rika nitawaambia wasije hapa. Lango litafunguka, mzungu atakuta peupe, na wewe utabaki na mahali pako.

Ilikuwa kweli tupu, na Bushiri aliijua. Kwa muda wa pumzi moja alitamani sana kusema asante, mzee wangu, kwa heri. Alimwona Mwanakhamisi akimenya karanga za kashata. Aliwaona watu wote wa Mbeya wakipita mbele ya dele lake, na mahali pasingehama hata hatua. Kisha akamwona mzee huyu ameketi peke yake ndani ya bodi ya lori, kwenye upepo ule wa kipupwe, bila kikombe na bila wa kubishana naye, Jumamosi baada ya Jumamosi. Akajichukia kwa ile pumzi moja.

– Kahawa hii ni ya shamba lako, – alisema. – Haiwezi kunyweka wewe ukiwa kwenye lori.

Akashika jiko.

– Bushiri, utakwenda wapi?

– Nyuma ya ghala la chumvi. Pana ukuta, hapana upepo.

– Hapiti mtu kule! – alisema Lutengano.

– Ndiyo, Breki. Hapiti mtu. Shika upande huo.

Wakalibeba benchi wote, Yotamu na drafti chini ya kwapa, Andendekisye na vikombe, koti lake amelivuta mpaka machoni ili naye asimwone mtu. Walizunguka kona. Hawakuwa wamelikalisha juu ya mawe bado, walipousikia mlio wa soko ukibadilika. Lutengano akachungulia.

– Wanapita! – alipiga kelele. – Mwalimu, njoo uone! Kushoto wanaingia, kulia wanatoka, mistari miwili, hakuna aliyewaambia! Ni drafti tupu!

Yotamu alikimbia akasimama kwenye kona, mikono kichwani, anacheka kama mtoto. – Sheria tatu! Sheria tatu! – alikuwa akisema, na wapita njia walimkwepa kwa upande wa kushoto.

– Na mwenye kitambaa chekundu? – aliuliza Andendekisye kutoka kwenye benchi. Hakugeuka.

– Ameingia, tata. Wa mbele kabisa.

Mzee akatikisa kichwa, akaomba kikombe.

Bwana Afya alifika mchana kama alivyoahidi. Alitazama lango, alitazama mahali palipokuwa na benchi, kisha akawakuta nyuma ya ghala. Alifurahi sana. Aliwaambia kwa Kiswahili chake kilichonyooka kwamba wameona wenyewe sasa, alisema tangu mwanzo kuwa ni benchi, na ubao ukiondoka watu hupita. Yotamu alivuta pumzi ya kumjibu kwa hesabu. Akamwangalia Mwenyekiti, aliyekuwa akitazama ndani ya kikombe chake, akaitoa ile pumzi bila maneno.

– Ni kweli, bwana, – alisema Bushiri. – Ni benchi.

Walibishana mpaka lori la mwisho la Rungwe lilipopiga honi. Mteja mwingine hakuja hata mmoja. Magharibi Bushiri alifika nyumbani, na Mwanakhamisi alipopokea dele mkono wake ulishuka kwa uzito. Akafunua kifuniko. Katika ndoa yao yote kahawa haikuwahi kurudi nyumbani siku ya soko.

– Kulikoni? – aliuliza. – Leo watu hawakupita?

– Wamepita, – alisema Bushiri, akavua viatu. – Wamepita vizuri sana.